Choo Kisicho na Shimo

Kutoka Masasi hadi Shinyanga ni mbali kiasi kwamba ukifika unakuta nguo ulizovaa zimechakaa kuliko zile ulizoacha nyumbani kwa kuwa zimechakaa. Nilisafiri nimekumbatia pima maji yangu, maana kuiweka kwenye buti la basi ni kuitafutia kifo. Kwa ambaye hajawahi kuishika, pima maji ni kitu kirefu kama rula nene, katikati kina kichupa cha maji chenye kipovu. Kipovu kikitulia katikati, ulichojenga kimelala sawa. Kikikimbia, na wewe jiandae kukimbia.

Tulipoiacha Dodoma, mama niliyekaa naye kiti kimoja akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, hicho ni kifaa cha hospitali?"

"Hapana mama. Kinapima kama kitu kimekaa sawa."

"Hebu lipime hili gari."

Nikaiweka sakafuni. Kipovu kikakimbilia upande wa dereva na kugoma kurudi, maana yake upande wa mlango ulikuwa umeinama. Mama hakuningoja nifafanue. Akasimama akatangaza, "Jamani, gari limepinda!" Mzee mmoja akaanza kusali kwa sauti. Vijana wawili wakadai kuhamishwa upande wa juu. Kondakta akaja akitoa macho: "Nani ana kipimo? Wewe? Ukipima tena unashuka Manyoni!" Nikaisukuma chini ya kiti, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mpaka Singida watu wa upande wa mlango walisafiri wameegemea upande wa dereva, kila mmoja akijifanya amesinzia.

Wadogo zangu mlioshika mwiko juzi, nawaandikia nikiwa sijafika umri wa kustaafu. Nina miaka arobaini na kidogo. Kilichostaafu ni mgongo, na ulifanya hivyo bila kunipa taarifa. Najua mtaniuliza kuhusu zege na nondo, lakini hayo mtafundishwa na wengine. Mimi nataka kuwaambia habari ya watu wanaokaa ndani ya nyumba baada ya fundi kuondoka, maana hao ndio tunaowasahau tukishakula chakula cha kukabidhi.

Huko Usukumani nilikwenda kwa sababu ya simu ya rafiki yangu niliyesoma naye sekondari. "Njoo," alisema, "huku watu wanajenga kama wanashindana na mchwa!" Nilipofika stendi ya Shinyanga nikaambiwa amekwenda Kahama. Nilipompigia akasema yuko njiani kwenda Chunya. Mpaka leo bado yuko njiani. Basi nikaingia duka la kwanza la vifaa vya ujenzi nililoliona, nikiwa na begi, njaa, na pima maji.

Duka lilikuwa la Mama Zainabu, mwanamke ambaye babu zake walitoka India wakaja kuuza khanga, na yeye akawa anauza saruji. Alizungumza Kisukuma kwa kasi ya mvua kwenye bati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniangalia kuanzia viatu, kisha akapaza sauti kuelekea barazani: "Luhende! Ulisema unatafuta mtu wa kubeba? Huyu hapa, amekuja na fimbo yake."

Fundi Luhende alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Hakuuliza jina langu. Aliuliza nimetoka wapi, nikasema Masasi, na tangu siku ile nikaitwa Kusini. Kisha akanishika mkono akaniingiza ndani kabisa ya duka, kwenye chumba cha kuhifadhia rangi.

"Simama hapo. Jasho lako liko wapi?"

Nikajipapasa shingoni. Jasho nililotoka nalo stendi lilikuwa limekauka. Nje jua lilikuwa linachoma mpaka mbuzi wamejibanza ukutani.

"Tazama juu," akasema. Dari lilikuwa juu sana, na chini yake kidogo, ukuta ulikuwa na matundu yaliyojengwa kwa ustadi, upande huu na upande ule. "Hewa ya moto ni kama mgeni mwenye kiburi. Hupenda kukaa juu. Mwonyeshe mlango hukohuko juu, ataondoka mwenyewe. Usipomwonyesha, atashuka akae kichwani kwako."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuja kesho yake, nilipomchorea nyumba yangu bora niliyowahi kujenga nyumbani. Akaigeuza karatasi huku na huku.

"Inatazama wapi?"

"Barabarani."

"Barabara itakuja kulala humu?"

Akanionyesha kwa kidole kwenye vumbi. Mabega mapana ya nyumba yatazame kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi, jua linakopiga kwa ubavu, weka kuta fupi zenye madirisha machache, au weka choo na stoo, vitu ambavyo havilalamiki. Ukingo wa paa utoke nje kama kofia ya mchungaji, siyo kama nywele zilizonyolewa. Dirisha moja halitoshi chumba, hata likiwa kubwa kama geti, kwa sababu upepo ukiingia na kukosa pa kutokea, unageuka unarudi kwao.

Matofali ya kuchoma aliyachukia. Kila tulipopita tanuru la matofali linatoa moshi, na magogo yamerundikwa pembeni, alikuwa anatema mate. "Watu wanakata kivuli ili wajenge nyumba, halafu wananiita mimi niwaondolee joto." Yeye alipenda tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwenye mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Ni zito, na kulibeba ndiko kulikoanza kuumaliza mgongo wangu, lakini mchana huchelewa kupata moto na usiku haliwageuzi watu mikate.

Sasa nije kwenye kipimo chake, kwa sababu ndicho kilichotuingiza matatani. Kila nyumba aliyoimaliza, Luhende aliifungua kwa ugali. Saa nane mchana, jua likiwa kali, mlango umefungwa na madirisha wazi, anakaa katikati ya chumba cha kulala na ugali unaofuka moshi na bakuli la mlenda. Akimaliza jasho likiwa halijafika kidevuni, nyumba imefaulu. Jasho likidondoka kwenye mboga, tunarudi kazini.

"Kwa nini usitumie kipimajoto?" nilimuuliza siku moja.

"Kipimajoto kinalala humu? Kina mke? Kinakula?" Akamega tonge. "Pima kwa kile kitakachoishi humu."

Pale Maganzo tulijenga nyumba ya dalali wa almasi aliyetaka ukuta mzima wa vioo upande wa magharibi, kama aliouona kwenye simu. Luhende alimbembeleza, akakataa. Siku ya kukabidhi tukamkaribisha ale ugali na sisi. Tonge la tatu akavua koti, la tano akavua shati, na la saba akasema amekumbuka ana mtu anamsubiri. Nasikia alining'iniza mapazia mazito juu ya vile vioo, na kila jioni anapelekea kiti chake barazani kwa jirani mwenye nyumba ya udongo. Jirani naye amezoea, humwachia nafasi.

Lakini nyumba ninayotaka kuwasimulia iko Buseresere, kwenye barabara ya Biharamulo. Ni ya Baba Kulwa, mnunuzi mdogo wa dhahabu, mtu mkarimu, mwoga kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Alikuwa na nyumba mpya yenye vigae sakafuni, dari la jipsamu na sofa ambazo bado zilikuwa na nailoni. Alituita kwa kazi ndogo: tuzibe matundu yote ya hewa.

"Tuzibe?" Luhende akarudia, kama mtu aliyeambiwa achinje ng'ombe wa maziwa.

"Yote. Wezi wa siku hizi hawavunji mlango, fundi. Wanapuliza dawa ya usingizi kwenye tundu, mnalala kama mizigo. Kuna mtu Katoro ameamka yuko sakafuni. Kitanda wameondoka nacho!"

"Akiwa amelala juu yake?"

"Akiwa amelala juu yake!"

Wadogo zangu, msicheke haraka. Kule kwenye dhahabu hofu hii ni ya watu wengi, na utaona nyumba nzuri zimezibwa matundu kwa matambara, kwa maboksi, kwa povu la magodoro. Baba Kulwa mwenyewe alikuwa ameshaanza na vipande vya mablanketi. Ndani kulikuwa na harufu ya watu, mkaa, na kitu kingine chenye ukali wa chuma.

Hicho kitu kingine ndicho kilichokuwa kibaya. Wachimbaji hunasa chembe za dhahabu kwa zebaki, yale maji ya fedha yanayokimbia kwenye kiganja. Mchanganyiko ule ukichomwa, zebaki inaruka na mvuke na dhahabu inabaki. Baba Kulwa alikuwa anachomea jikoni, mlango umefungwa ili majirani wasione. Mvuke ule hauonekani, lakini hauendi mbali. Hukaa ukutani, kwenye sufuria, kwenye mapafu.

Mke wake, Mama Kulwa, alikuwa na watoto pacha wa miaka miwili. Kulwa alikuwa anakimbia kama mbuzi. Doto alikuwa anakaa tu, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinalia kama filimbi iliyoingia mchanga. Nesi wa zahanati alishamwambia mama yake waziwazi: mtoto huyu anahitaji hewa, na zebaki itoke jikoni, la sivyo kila mwezi mtakuwa mnarudi hapa, na kuna siku hamtawahi.

"Baba Kulwa," Mama Kulwa alisema mbele yetu, bila kupaza sauti, "ukiziba hayo matundu, mimi na wanangu tunakwenda kwa baba yangu, kule Didia. Sitarudi mpaka nyumba hii ipumue na huo mchomo utoke jikoni."

"Mama Kulwa, mbele ya mafundi?"

"Ndiyo. Nataka mashahidi."

Luhende akaona hapa panahitaji kipimo. Akaomba ugali upikwe. Saa nane, yeye na Baba Kulwa wakaingia chumba cha kulala chenye matundu yaliyozibwa, wakaketi kwenye mkeka, mlango ukafungwa. Mimi nilikaa dirishani nje kama refa. Nadhani ilikuwa ni mashindano ya wanaume wawili wakaidi kuliko wote wa Kanda ya Ziwa. Luhende alitoka jasho likafika kidevuni, likadondoka, akaendelea kula kwa heshima ya sayansi. Baba Kulwa aligeuka rangi ya tofali bichi. Shati likamganda. Macho yakaanza kutazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Unaonaje?" Luhende akauliza, akihema.

"Ugali..." Baba Kulwa akavuta pumzi. "Ugali wenyewe ndio wa moto."

Tukawatoa wote wawili kwa kuwashika makwapa. Jioni ile Mama Kulwa alifunga mizigo, akabeba Doto mgongoni na kumshika Kulwa mkono, akaondoka. Baba Kulwa alibaki na sofa zake za nailoni. Kwa siku kadhaa alikuwa anatupikia chai yeye mwenyewe, chai mbaya sana, na hakutaja mke wala matundu. Tulikuwa tunajifanya tunarekebisha plasta.

Kisha simu ya Baba Kulwa ikaita; alikuwa mkewe. Aliweka spika kwa sababu alikuwa na unga mikononi.

"Doto yupo?" akauliza kabla hata ya salamu.

"Yupo. Anamkimbiza jogoo wa babu."

Baba Kulwa akakaa chini palepale kwenye ndoo ya rangi. "Anakimbia?"

"Anakimbia. Huku nyumba ni ya udongo na nyasi, haina kigae hata kimoja, na anakimbia. Baba Kulwa, nikuulize kitu. Hiyo dawa ya usingizi. Mwizi akiipitisha chini ya mlango, itatokea wapi?"

"Itatokea..." Akatazama ukuta.

"Umeziba kila mahali. Haitoki. Itakaa humo na wewe. Mtu wa Katoro aliamka asubuhi kwa sababu nyumba yake ilikuwa na matundu. Wewe utaamka mwezi ujao."

Sijawahi kuona mtu akibadilika hivyo. Aliponyanyuka kwenye ile ndoo alikuwa muumini mpya. "Fundi! Toboa!" Luhende akaanza kumweleza matundu yanakaa wapi, juu, pande zinazokabiliana. Baba Kulwa hakusikia. Alitaka tundu juu ya kitanda, tundu nyuma ya kabati, tundu kwenye stoo, tundu kwenye ukuta unaotenganisha sebule na sebule. Tulilazimika kumficha nyundo. Kama tungemsikiliza, nyumba ingekuwa chekeche. Tuliyafungua yale ya zamani, tukaongeza machache, tukayavika wavu wa mbu. Hilo msilisahau kamwe: tundu lisilo na wavu unambadilishia mtu kikohozi kwa malaria. Bati tulilipaka rangi nyeupe, na upande wa magharibi nikamwambia apande miti, akapanda mingi mno, mingine mlangoni.

Ikabaki zebaki. Hapo imani yake mpya ikakoma.

"Nje siwezi kuchomea. Wataniona. Wakiniona watajua nina mzigo."

"Mtoto," Luhende akasema.

"Najua, fundi. Najua! Unafikiri sijui?" Akashika kichwa. "Lakini na wezi nao najua."

Ndipo mimi, Kusini, nikatoa wazo ambalo mpaka leo sijui nijivunie au nijifiche. Nilisema: tujenge kibanda nyuma ya uwanja, mbali na kisima, upande ambao upepo wa mashariki unapeleka harufu mashambani, siyo nyumbani. Kuta ziwe wazi juu. Ndani tuweke kile chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachoshika mvuke na kuurudisha kuwa maji ya fedha, kwa hiyo zebaki haipotei hewani na unaitumia tena. Na kwa nje kibanda kifanane na choo. Nani atamvizia mtu chooni?

Luhende alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema tujenge.

Tukakijenga kikiwa na mlango wa bati, kidirisha kidogo, hata bomba refu la kutolea hewa. Jikoni tulilowesha kuta, tukabandua plasta yote ikiwa mbichi, midomo imefungwa vitambaa, tukafukia mbali kwenye ardhi ambayo hakuna anayelima, tukapiga plasta mpya. Na Baba Kulwa akaanza kuchomea chooni kwake.

Tatizo ni kwamba Buseresere watu wanahesabu mambo ya jirani. Walianza kuona Baba Kulwa anaingia choo kipya mara mbili tatu kwa siku, anakaa muda mrefu sana, anatoka macho mekundu, amechoka, ameshika tumbo, kwa sababu alikuwa anaficha mzigo chini ya shati. Kabla wiki haijaisha, mtaa mzima ulikuwa unamhurumia. Mama wa jirani akaleta uji wa mtama. Mwingine akaleta mizizi ya kuchemsha. Vijana wa karasha, wale wanaosaga mawe ya dhahabu, walipokuwa wakipita walikuwa wanamsalimia kwa upole, "Pole, mzee. Tumbo ni adui." Na yeye angefanya nini? Alikuwa anakunywa uji, anashukuru, anazidi kuugua.

Habari zikafika Didia kwamba Baba Kulwa anaharisha vibaya mno. Baada ya siku mbili akashuka kwenye basi Mzee Mabula, baba yake Mama Kulwa, mtu mrefu aliyevaa koti licha ya jua. Alikuja kwa mambo mawili: kumjulia hali mkwe wake, na kuona kama nyumba imekuwa ya kukaa wajukuu. Binti yake alikuwa amesema hatarudi mpaka baba yake aione.

Sasa sikilizeni. Kule ukwe ni ukwe. Mzee Mabula hangeweza kuingia chumba cha kulala cha binti na mkwe wake. Baba Kulwa naye hangeweza kumtajia mkwe wake habari ya tumbo wala ya choo, hata kwa mafumbo. Walisalimiana kwa Kisukuma wakiwa wametazama pande tofauti.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola."

Kisha wakanitazama mimi wote wawili. Mtu wa kusini hana ukwe na yeyote pale, kwa hiyo nikawa mdomo wao na macho yao.

"Mwambie," mzee alisema, akiwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwa mkwe wake, "nasikia hali si nzuri."

"Mwambie," Baba Kulwa akasema, akitazama mti, "mimi mzima kabisa."

"Mwambie simuoni mzima. Amekonda."

"Mwambie ni kazi."

"Mwambie kazi gani inafanywa..." Mzee akajizuia. Akabaki kunyooshea kidevu kile kibanda.

Tukaanza ukaguzi. Mzee alisimama barazani akipaza sauti, mimi niko chumbani nikijibu. "Upepo unaingia?" "Unaingia, mzee!" "Unatoka?" "Unatoka!" "Jikoni kunanuka?" Nikanusa kwa sauti ili asikie. "Saruji mpya tu!" Luhende alikuwa pembeni anakunywa chai, anafurahia kama yuko uwanja wa mpira.

Ukaguzi ulikuwa unakwenda vizuri. Kisha mzee, baada ya safari ndefu na chai ya Baba Kulwa, akatembea polepole kuelekea kile choo kipya.

Baba Kulwa alinikodolea macho. Nilifungua mdomo. Luhende akanivuta shati. "Utamwambia nini? Umzuie mtu mzima?" Mlango wa bati ukafunguka, ukafungwa. Tukasubiri. Tukasikia mzee anagonga sakafu kwa kisigino, hapa, na pale, na pale. Kisha mlango ukafunguka. Alitoka amefunga vifungo vyote vya koti, akaenda moja kwa moja nyuma ya shamba la mihogo, akarudi baadaye na kukaa kitini.

"Mwambie," alianza, akanitazama machoni, "mwambie kile choo hakina shimo."

Baba Kulwa alifunika uso kwa viganja.

"Mwambie kina meza. Kina chombo cha chuma. Kina moto. Sasa mimi nauliza, mkwe wangu anaumwa ugonjwa gani?"

Hapo Baba Kulwa akavunja ukwe. Alipiga magoti mbele ya mzee, akamweleza yote, dhahabu, zebaki, wezi, uji wa mtama na mizizi. Alisema amehamisha mchomo kutoka jikoni kwa ajili ya Doto, na kwamba yuko tayari mtaa wote umcheke mpaka afe, ilimradi mtoto apumue.

Tukaona koti la Mzee Mabula linatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisichotoa sauti, machozi yakitiririka mpaka kwenye mvi za kidevu.

"Inuka," akasema, akimtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi na umri huu nimegonga sakafu nikidhani nimekuwa kipofu. Hakuna mwizi atakayejua. Nitampigia." Akampigia binti yake palepale. "Njoo. Nimeona. Lakini mwenyewe uone, mimi nimeonea barazani."

Mama Kulwa alifika na wanawe. Hakusalimia mtu zaidi ya baba yake. Aliingia jikoni, akapitisha kiganja ukutani, akanusa. Akaingia chumbani na Doto, akafunga mlango. Ilikuwa mchana wa jua kali. Sisi tukabaki barazani: mzee, Baba Kulwa, Luhende na mimi, Kulwa akitambaa juu ya begi langu. Nilikuwa nimeshamuaga Mama Zainabu kwa simu, maana siku chache kabla, nikinyanyua lenta, ile boriti ya zege ya juu ya mlango wa jikoni, mgongo ulinikatika nikabaki nimeinama kama nundu. Basi langu lilikuwa la mchana huo.

Kwanza tulinong'ona. Kisha Luhende akaanza kueleza kwa nini yeye aliona mapema kwamba itafaulu, Baba Kulwa akabisha, mzee akaingilia, na muda si muda tulikuwa tunapiga kelele kama mnada wa ng'ombe.

Mlango ukafunguka kidogo. Mama Kulwa akatoa kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sura ilikuwa ya mtu anayefukuza kuku.

"Amelala," akasema kwa sauti ya chini. "Amelala chali, mdomo umefungwa. Nimeweka sikio kifuani sisikii filimbi. Sasa hayo matundu yenu yanaleta kila mnachosema mpaka kitandani. Baba, shikamoo tena, lakini nawe pia. Nendeni mkapigie kelele huko chooni kwenu."

Mlango ukafungwa. Wanaume watatu wakavua viatu, wakashuka ngazi kwa ncha za vidole kuelekea kwenye kile kibanda, mzee akiwa mbele na Baba Kulwa amemshika mkono. Luhende alinipa mkono, akafungua mdomo aseme neno, akatazama matundu, akaufunga. Nami nikajitwisha begi nikiwa nimeinama vilevile, nikamuaga Kulwa kwa kunong'ona, nikaenda kusimamisha basi barabarani kwa kupunga mkono tu, nikiomba dereva asipige honi.